Somo la Kumi na Mbili: Funga Mlango wa Simu Yako

(Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya saa ya somo, andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: LAINI. NAMBA YA SIRI. MSIMBO. TAPELI. AKAUNTI. Kila mwanafunzi na aje na simu yake, daftari na kalamu. Asiye na simu na akae karibu na mwenye nayo.)

(Muziki.)

MWALIMU: Hamjambo, ndugu wasikilizaji. Karibuni tena katika darasa letu la watu wazima. Wiki iliyopita tulijifunza kuandika daftari la fedha za kikundi: zilizoingia upande huu, zilizotoka upande ule. Leo tutajifunza kuzilinda fedha hizo, pamoja na siri zetu na heshima zetu, zisitoke kwa mlango ambao wengi wetu hatujui kuwa uko wazi. Mlango huo ni simu.

Nimo humu chumbani pamoja na wanafunzi wawili. Mmoja ni mzee mvuvi. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mwalimu.

MWALIMU: Wa pili ni mama muuza samaki, ambaye pia ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mama, habari za tangu juzi?

MAMA: Njema, mwalimu.

MWALIMU: Mama huyu amekubali kutueleza jambo lililompata. Si jambo jepesi kulisema mbele za watu. Basi tumsikilize kwa utulivu.

MAMA: Ilikuwa Ijumaa, alasiri. Nilikuwa nakaanga samaki, mikono yote ina mafuta. Simu ikalia. Mtu akanitaja kwa jina langu kamili, tena kwa adabu: "Shikamoo, mama. Napiga kutoka kampuni ya simu. Laini yako itafungwa leo jioni, kwa sababu usajili wako una kasoro. Usiwe na wasiwasi, mimi nitakutengenezea. Sasa hivi utaona ujumbe wenye namba sita. Nisomee." Kweli ujumbe ukaingia. Nikajifuta mikono, nikamsomea moja moja mpaka zikatimia sita. Akanishukuru, akakata. Nami nikafurahi moyoni, kwani mwaka uliopita nisingaliweza kuzisoma namba zile.

MWALIMU: Halafu?

MAMA: Magharibi binti yangu akaniambia, "Mama, mbona WhatsApp yako haifunguki?" Usiku dada mmoja wa kikundi akaja mbio kwa miguu, akiuliza mgonjwa anaendeleaje. Mgonjwa gani? Kumbe kuna mtu anaandika kwa jina langu na picha yangu: nina mgonjwa hospitali, nisaidieni chochote, Jumatatu nitarudisha. Wenzangu watatu walikwisha kutuma. Jumla yake shilingi 180,000.

MWALIMU: Na kikundi kilisema nini?

MAMA: Hapo ndipo palipouma, mwalimu. Wengine walisema nimekula njama na mwizi. Ufunguo wa sanduku nimeushika miaka minne. Wakaniambia niuweke mezani.

MWALIMU: Pole sana, mama. Tutarudi baadaye kusikia mambo yalivyokwisha. Kwanza tuutazame wizi wenyewe ulivyofanyika, maana mtu hawezi kuziba tundu asilolijua lilipo.

Ufunguo wa namba sita

MWALIMU: Wasikilizaji, WhatsApp haijui sura yako wala sauti yako. Inakujua kwa namba yako ya simu tu. Mtu akiiweka programu hiyo katika simu nyingine na kuandika namba fulani, kampuni haina budi kuuliza: je, huyu ndiye mwenye namba kweli? Ili kupata jibu, hupeleka tarakimu sita kwa ujumbe mfupi kwenye namba ile. Atakayeziandika tarakimu hizo ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe. Namba hizo huitwa msimbo. Msimbo ni ufunguo wa kutumiwa mara moja tu.

Sasa mwaona. Tapeli alikaa na simu yake mkononi, amekwisha kuandika namba ya mama, anangoja. Ufunguo ukaletwa nyumbani kwa mama, sio kwa tapeli. Yeye hakuwa na njia ya kuupata ila kwa mama kuutoa dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Hakuvunja kitu. Alibisha hodi akafunguliwa.

Mama, ule ujumbe ulikuwa na namba peke yake?

MAMA: La. Palikuwa na maneno pia. Sikuyasoma. Nilisoma namba, kwa kuwa ndizo alizozitaka. Siku ya pili niliketi peke yangu, nikaufungua tena, nikausoma silabi kwa silabi kama unavyotufundisha. Maneno yalikuwa ya Kiswahili. Yalisema nisimpe mtu mwingine namba ile. Onyo lilikuwa mkononi mwangu, mwalimu, nami nililiruka.

MWALIMU: Ahsante, mama. Hilo peke yake latosha kuwa somo zima. Basi iandikeni kanuni ya kwanza: Soma maneno kabla ya kusoma namba. Kama maneno ni ya lugha usiyoijua, usifanye lolote mpaka umempata mtu unayemwamini akusomee. Na kanuni ya pili: Msimbo ulioletwa kwako ni wako peke yako. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni hahitaji kusomewa msimbo wako. Anayeutaka kwa simu ni tapeli, hata akikuamkia kwa heshima, hata akilijua jina lako na la baba yako. Majina yetu yameandikwa mahali pengi. Kulijua jina lako si dalili ya ukweli.

MZEE: Na haraka je, mwalimu? Alimwambia laini itafungwa leo jioni.

MWALIMU: Umepiga penyewe, mzee. Haraka ni chombo cha kazi cha tapeli, kama ndoana kwako. Akikuacha ufikiri, amekukosa. Kwa hiyo mtu akikuhimiza, kata simu. Kisha wewe mwenyewe upige namba ya huduma ya kampuni, ile iliyoandikwa kwenye kadi uliyobandulia laini, sio ile aliyokupa yeye.

Na ikiwa umekwisha kuutoa msimbo? Usikae ukilia. Ifungue WhatsApp upya katika simu yako, andika namba yako, nawe utaletewa msimbo mpya. Ukiuandika, mwizi hutolewa nje palepale. Lakini pengine mwizi ameweka namba ya siri ya pili, ambayo wewe huijui; hapo utangoja siku saba kabla ya kuingia, ingawa yeye amekwisha kutolewa. Katika siku hizo waambie watu wote kwa sauti na kwa miguu kwamba anayeandika si wewe.

Dawa ni kuitangulia hatua hiyo. Weka wewe namba ya siri ya pili kabla mwizi hajaiweka. Ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua tarakimu sita zako. Tangu hapo, hata mtu akiupata msimbo, atakuta komeo la pili ndani ya mlango.

(Kwa kiongozi: Zima redio kwa dakika kumi. Wenye WhatsApp wasaidiane kuitafuta Mipangilio. Kila mtu achague tarakimu zake mwenyewe bila kuonwa na jirani yake.)

Namba ya siri: nyembamba au nene?

MWALIMU: Sasa tufanye hesabu kidogo. Namba ya siri yenye tarakimu nne huanza 0000 na kwisha 9999. Ndiyo kusema ziko 10,000. Yenye tarakimu sita, ziko 1,000,000. Mwizi akitaka kubahatisha ana kazi kubwa. Lakini watu wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa. Mzee, tangu mwaka 1940 hadi mwaka 2010 ni miaka mingapi, ukiihesabu yote?

MZEE: Sabini na mmoja.

MWALIMU: Barabara. Basi uliyekuwa na milango 10,000, umemwachia mwizi milango 71 tu. Na akijua umri wako, milango mitatu au minne. Kadhalika 1234, na 0000, na tarakimu za mwisho za namba yako ya simu: hizo ndizo anazozijaribu kwanza. Chagua namba isiyo na habari yako ndani yake.

Tena, simu ina kufuli zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Kuna kufuli la simu yenyewe, linalozuia mtu kuifungua. Kuna namba ya siri ya fedha. Na kuna kufuli la laini, ambalo wengi hatulijui kabisa. Mwizi akiiba simu yenye kufuli, huichomoa laini, akaitia katika simu yake. Sasa misimbo yako yote yaingia kwake! Kufuli la laini huzuia jambo hilo, kwani laini itauliza namba ya siri kila inapowashwa katika simu yoyote.

Lakini tahadhari. Kabla ya kuliweka, uliza dukani kwa kampuni yako ile namba ya kwanza iliyokuja na laini. Ukikosea mara tatu, laini hujifunga, nayo hutaka namba nyingine ndefu, yenye tarakimu nane, ambayo kampuni inayo. Hiyo nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa. Sharti upate nyingine.

Fedha za simu

MWALIMU: Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Siku hizi simu ni mfuko wa fedha kwa mkulima, mvuvi na mwalimu. Mzee, wewe hupokeaje fedha za samaki?

MZEE: Kwa simu. Lakini macho yangu si ya zamani, mwalimu. Humpa kijana wa kibandani simu anibonyezee. Namba ya siri naye anaijua.

MWALIMU: Mzee, hiyo...

MZEE: Najua utakalosema. Lakini kijana yule ni mwana wa jirani yangu. Nimemwona akizaliwa. Si mwizi.

MWALIMU: Wala mimi sisemi kuwa ni mwizi, mzee wangu. Nasema hivi: ulipompa siri yako, ulimpa na mzigo. Siku fedha zikipungua, kwa kosa la mtu mwingine kabisa, watu watamtazama nani?

MZEE: Watamtazama yeye.

MWALIMU: Naye hatakuwa na njia ya kujitetea. Usipomwambia, umejilinda wewe, nawe umemlinda yeye. Na akusaidie mpaka pale simu inapotaka namba ya siri. Hapo mpokee simu, geuka kando, bonyeza nne zako mwenyewe. Tarakimu kumi umekwisha kuzijua katika darasa hili.

MZEE: Hayo nimeyakubali. Nitaibadili leo.

MWALIMU: Sasa tuzitazame hila mbili zinazotembea sana. Ya kwanza ni ujumbe usemao: ile hela nitumie kwa namba hii, jina litakuja la fulani. Tapeli huupeleka kwa mamia ya watu bila kumjua hata mmoja. Anajua kwamba katika mamia hao yuko mtu ambaye leo anangojewa na mwanawe aliye shuleni, au na fundi anayemdai. Mtu huyo akiupata, hudhani ni wa mwanawe au wa fundi wake. Dawa yake: mpigie yule unayemdhania, kwa namba yake ya zamani. Na wakati wa kutuma, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaandika namba ya siri. Lisome. Kama si jina unalolijua, acha.

Hila ya pili ni ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha. Punde hupigiwa simu: "Nimekosea, tafadhali nirudishie." Usiamini ujumbe, uliza salio lako mwenyewe. Kama salio halikuongezeka, hukupokea kitu. Na kama kweli fedha zimeingia kwa makosa, usizitume wewe. Mwambie mwenyewe aiambie kampuni, nayo itazirudisha kwa utaratibu wake.

Kwa walio Tanzania, namba za matapeli hupelekwa kwa ujumbe mfupi kwenye namba 15040. Kwa Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka kwenye namba 333. Ukipeleka, umemwokoa jirani usiyemjua.

Kidole chako ni sahihi yako

MWALIMU: Zamani asiyejua kuandika alitia dole gumba kwenye karatasi. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini zote kwa alama za vidole, na dole gumba likarudi. Wako mawakala wachache wasio waaminifu. Utawasikia wakisema, "Weka tena kidole, haikushika. Weka tena." Mara moja ni laini yako. Mara ya pili, huenda ni laini ya mtu mwingine iliyoandikwa kwa jina lako, nayo itatumika kutapeli watu. Polisi wakilitafuta jina, watalikuta lako.

Basi bonyeza nyota, 106, reli, kisha upige. Utaoneshwa namna ya kuzijua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika uwaambie waifute. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na yafaa kuifanya kila baada ya miezi michache.

Ni nani anayetazama?

MAMA: Mwalimu, mimi nina swali. Mwanamke mmoja sokoni asema mumewe huyajua yote anayoyaandika, hata akiwa safarini. Yawezekanaje?

MWALIMU: Yawezekana, mama, na si uchawi. Fikirini barua. Barua ya wazi husomwa na kila anayeishika njiani. Simu ya kawaida na ujumbe mfupi wa kawaida hufanana na barua ya wazi kwa kampuni inayoupeleka. Ujumbe wa WhatsApp, tangu mwaka 2016, hufungwa kwenye simu ya mwandishi na kufunguliwa kwenye simu ya msomaji tu, katikati hausomeki. Hiyo ni barua iliyotiwa lakiri.

Lakini lakiri hulinda barua njiani, hailindi mezani. Mtu akiishika simu yako dakika moja iliyofunguliwa, aweza kuiunganisha WhatsApp yako na simu au kompyuta yake. Tangu hapo kila unachokiandika huingia na kwake. Kwa hiyo katika WhatsApp tazama mahali palipoandikwa Vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse, ukiondoe.

Mahali pa pili ni akaunti ya simu. Simu za Android hutaka akaunti ya Google. Ulipoinunua simu, nani alikufungulia akaunti hiyo?

MAMA: Kijana wa dukani.

MWALIMU: Na neno la siri alilichagua nani?

MAMA: Yeye. Mimi silijui mpaka leo.

MWALIMU: Basi mwenye nyumba si wewe. Anayelijua neno hilo aweza akiwa mbali kuona simu yako ilipo, kuifunga, hata kuyafuta yaliyomo. Mwombe mtu unayemwamini akusaidie kulibadili, na neno jipya ulichague mwenyewe. Neno la siri zuri ni refu. Chukua maneno manne yasiyohusiana, yanayokumbukika kwako tu, uyaunge. Usitumie neno hilohilo kwa kila akaunti, maana likiibwa mahali pamoja limeibwa kote. Ukihofia kusahau, liandike katika daftari, na daftari liwe sandukuni, sio mfukoni pamoja na simu.

Lakini mama, mwambie yule mwenzako jambo moja. Kama anamwogopa mumewe, asiondoe kila kitu kwa ghafula, maana mume atajua mara moja. Kwanza azungumze na mtu anayemwamini, kwa simu ya mtu huyo, sio ya kwake.

MAMA: Nitamwambia.

MWALIMU: Wako pia watazamaji wenye nguvu zaidi. Mwaka 2019 WhatsApp iligundua kwamba simu za watu kama 1,400 zilishambuliwa kwa programu ya upelelezi iitwayo Pegasus, ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Waandishi wa habari na watetezi wa haki walikuwamo miongoni mwao. Ilitosha simu ipigwe. Hata mwenyewe asipoipokea, programu iliweza kuingia. Iliingia wapi? Katika tundu la programu ambalo watengenezaji walikuwa hawajaliona. Walipoliona, wakaliziba, wakawaambia watu wote wapakue toleo jipya.

Mzee, mashua yako huikalafati lini?

MZEE: Ikianza kuvuja. Lakini mwenye akili hungoi ivuje. Huipandisha pwani kwa wakati wake, ukatia pamba na mafuta katika nafasi za mbao, kabla ya safari.

MWALIMU: Basi simu nayo hukalafatiwa. Inapokuambia kuna toleo jipya, ile ni pamba mpya ya kuzibia tundu. Usiseme kesho kila siku. Kama huna fedha za intaneti za kutosha, ngoja ufike penye mtandao wa bure unaoaminika, kisha ukubali.

Mwisho, tazama programu zinazoomba ruhusa. Programu ya tochi inataka majina ya jamaa zako ya nini? Tochi kazi yake ni kuwaka. Na zile programu za mikopo ya haraka: nyingine huchukua majina yote yaliyomo simuni, na siku ukichelewa kulipa, huwaandikia jamaa, wakwe na jirani zako maneno ya kukuaibisha. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kabla ya kubonyeza neno Kubali, uliza: unataka nini, na cha kufanyia nini?

Sheria nazo ziko upande wako. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomkataza mtu kuingia katika simu au kompyuta ya mwenziwe bila haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu mwaka 2019. Lakini sheria huja baada ya wizi. Komeo huja kabla.

Simu ikipotea

MWALIMU: Fanya hivi, kwa mpango huu. Kwanza, kwa simu ya mwenzako, iambie kampuni ifunge laini na fedha. Pili, waambie jamaa na kikundi wasimwamini anayeandika kwa namba yako. Tatu, nenda polisi utoe taarifa, upewe karatasi. Nne, pata laini mpya yenye namba ileile. Tano, badili maneno yote ya siri.

Polisi watakuuliza namba ya simu yenyewe, sio ya laini. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15. Bonyeza nyota, reli, 06, reli, nayo itatokea. Iandike leo nyuma ya daftari lako.

Sasa, mama, mambo ya kikundi yalikwishaje?

MAMA: Niliwaita wote. Nikausoma ule ujumbe mbele yao kwa sauti, namba na maneno. Nikasema kosa langu ni hili, na njama sikula. Mzee mmoja akasema, "Anayekula njama hatusomei barua." Ufunguo wakanirudishia. Lakini shilingi 180,000 nilisema nitawalipa wale watatu kidogo kidogo, na mpaka leo nimebakiza 40,000. Mmoja wao bado hanisalimu kama zamani.

MWALIMU: Na kikundi kilibadili lolote?

MAMA: Ndiyo. Tumeweka sharti: hakuna fedha kutumwa kwa maandishi tu. Sharti umpigie mwenyewe. Na kwa kuwa tumesikia kwamba siku hizi hata sauti huigwa kwa mashine, tuna swali letu la siri, ambalo jibu lake halikuandikwa popote.

MWALIMU: Vizuri sana. Wasikilizaji, mwizi wa siku hizi haji usiku na panga. Huja mchana, na shikamoo. Nanyi mnaojua kusoma sasa mna silaha asiyoipenda. Tumieni. Kwaherini, mpaka wiki ijayo, saa ileile.

(Muziki.)

Maneno ya kusoma kwa sauti

Soma maneno kabla ya namba.
Msimbo wangu simpi mtu.
Anayenihimiza simwamini.
Namba ya siri naibonyeza mwenyewe.
Jina la mpokeaji nalisoma kwanza.

Maswali ya mazungumzo

1. Tapeli alimwambia mama maneno gani ili asifikiri? Ni lipi kati ya hayo lilikuwa kweli?
2. Kwa nini mwalimu alisema kumpa mtu siri ni kumpa mzigo?
3. Kikundi chenu kitaweka sharti gani kuhusu kutuma fedha?
4. Je, ilikuwa haki mama alipe shilingi zile zote? Kila mtu aseme anavyoona.

Kazi ya nyumbani

Andika katika daftari namba ya tarakimu 15 ya simu yako, na namba ya huduma ya kampuni yako. Kisha mtafute mtu mmoja asiyejua kusoma, mweleze habari ya msimbo kwa maneno yako mwenyewe. Wiki ijayo utatuambia alikuuliza nini.